Viatu vya Misumari vya Kerubo

Daraja Mbili, Kisii
Msimu wa mvua ndefu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umeinama shambani, maana nakujua, mvua ikianza hata daktari hakuzuii. Goti la kushoto linaendeleaje? Na yule ng'ombe aliyekuwa anakataa majani, amepona au mmemuuza? Ningepiga simu, lakini masikio yako na simu vimekosana, na mara ya mwisho nilipiga kelele hapa sokoni mpaka watu wakadhani nagombana na mteja. Macho Mungu amekuachia, Zaburi unasoma bila miwani, basi nimeona nikuandikie. Tena mambo haya si ya kupigia kelele.

Anayekuletea barua ni Kerubo mwenyewe, mjukuu wako. Tafadhali Mama, usimuulize kwa nini amekonda, na habari za mbio usimuulize kabisa. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, halafu ingia chumbani usome hadi mwisho. Nimemtuma kwako kwa sababu amekataa kukimbia. Kuna kambi ya wakimbiaji inayomngoja, na haitamngoja milele. Kama atakwenda au hatakwenda, sijui. Hilo ndilo linalonila.

Nianze na sifa, maana sifa zipo na sitazificha kwa sababu ya matatizo. Mama, mjukuu wako anakimbia. Tangu amalize kidato cha nne mwaka jana mpaka haya yalipotokea, hakuna asubuhi aliyolala jua likamkuta. Mwalimu Makori, anayewafundisha wasichana mbio kwenye uwanja wa shule, aliniambia kwa kinywa chake kwamba mapafu ya Kerubo si ya kawaida. Nikamwambia yatakuwaje ya kawaida na si ya huku, ni ya milima ya Taita, ya mama yangu aliyepanda kutoka mtoni na mtungi kichwani na mimba ya mapacha tumboni. Akacheka. Lakini mimi nilisema kweli.

Na mimi pia usinione hivi. Pale sokoni naitwa Mama Viatu. Wanaouza viatu vya mitumba ni wengi, mwenye jicho ni mmoja. Mzigo ukifunguliwa wenzangu wanarukia rangi, mimi nageuza soli. Chaguo la kwanza, lile tunaloliita kamera, huwa liko kwapani mwangu kabla wao hawajamaliza kusukumana. Mchungaji hununua kwangu. Wenye ofisi zao hununua kwangu, halafu wanasema wameletewa kutoka Nairobi.

Upande wangu wa kulia anakaa Mama Bosibori na ndizi zake. Huyu nimekusimulia zamani, ndiye aliyenipokea nilipoolewa huku sijui hata kusema maji kwa Kikisii. Nilikuwa nasikia watoto wakiwaita mama zao "baba," nikadhani nimeolewa kwa wendawazimu. Mama Bosibori alicheka mpaka akaketi chini, ndipo akanifundisha kwamba huku mama ndiye baba, na baba ni tata. Kila neno la Kikisii nililo nalo limetoka kinywani mwake. Kiswahili hakuwahi kunisemesha. Alisema Kiswahili ni cha wageni na cha askari wa kaunti wakija kutufukuza barabarani, na mimi si mgeni. Baba Kerubo akija mwisho wa wiki kutoka kwenye majani chai yake kule Nyacheki, husema Kikisii changu kinanukia ndizi.

Binti yake, Bosibori, na Kerubo wangu wamekulia chini ya meza zetu. Walianza mbio pamoja. Na nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni mama yangu: Bosibori alikuwa mbele. Hakumwacha mbali, lakini kila mara ni yeye mbele, wangu nyuma yake. Tena kwa miguu mitupu! Mimi nilikuwa nikisema pale sokoni kwamba Mungu alimpa miguu ya korongo. Mama Bosibori ananijibu kwamba wangu kapewa ulimi wa mamake, angekimbia na huo angeshinda. Tulikuwa tunataniana hivyo mbele ya wateja na hakuna aliyenuna. Lakini nikifika nyumbani iliniuma.

Mwaka huu Mwalimu Makori akatuambia kwamba mbio za nyika zitakuwa upande wa Nyamira, na kwamba atakuja mtu wa timu moja ya askari kuchagua wasichana wa mbele awapeleke kambini. Anayefanya vizuri kambini anaajiriwa. Kazi ya serikali, Mama, kwa miguu tu. Akasema mzazi mwenye uwezo atafute viatu vya misumari, vile watoto wanaviita spaiki, kwa sababu kule matope yanateleza kama sabuni.

Mwenye uwezo wa viatu ni nani kama si mimi?

Usidhani ni kuokota tu. Viatu hivi havifanani. Viko vya uwanjani, soli yake ni plastiki ngumu, ukiikunja inakukatalia, mbele imeinuka kama pua ya mtu mwenye majivuno, na kisigino hakina kitu chochote. Hivyo ni vya kukimbilia vidole kwenye uwanja uliotengenezwa. Mpandishe mtoto mlima navyo uone kama mashavu ya miguu hayatampasuka. Halafu viko vya nyika. Vya nyika soli ni mpira, inakunjika, ina meno madogo kuzunguka matundu ya misumari, na kisigino kina unene wa kupokea mteremko. Vya uwanjani nilivipata mara mbili, vizuri, vinang'aa, nikaviacha. Wenzangu wakanishangaa. Nikawaambia kung'aa hakukimbii.

Hatimaye nikavipata. Bluu iliyofifia, chapa imefutika, lakini soli hai. Nikaingiza ncha ya kidole katika kila tundu nione kama uzi wa chuma wa kushika msumari haujalika. Na unajua mzazi wa huku anavyonunua kiatu: anachukua kikubwa, anatia kitambaa mbele, mtoto atakijaza mwakani. Kosa hilo sikulifanya. Kerubo alivivaa bila soksi vikamshika kama ganda linavyoshika ndizi. Alisimama pale kati ya meza zetu mbili, akaruka kidogo, na nilimwona jinsi alivyokuwa mzuri. Mama, ungemwona.

Mama Bosibori alikuwa akitazama. Akasema kwa Kikisii, uso una kicheko, "Mama Kerubo, hawa wawili miguu yao ni saizi moja. Kimoja avae wako, kimoja wangu."

Nikamwambia wake hana haja, wake amezaliwa na kwato. Tukacheka sote wawili.

Kilichokosekana ni misumari. Viatu hivi vikija mitumba misumari huwa imeng'olewa, au imeota kutu humo humo. Nilizunguka maduka ya mjini sikuipata. Basi nikavipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, nyuma ya soko. Akatafuta bolti nyembamba zinazokubali uzi wa matundu, akazikata, akaanza kuzichonga. Mwalimu alikuwa amesema iwe mifupi na butu, isipite ukucha wa kidole cha mwisho. Alipopita akaona fundi anavyofanya, akasema, "Mama Kerubo, tunaenda kukimbia, hatuendi kulima." Lakini Mwalimu ni mtu wa lami. Mimi tope la bonde la chai nalijua, limenimezea viatu nikienda kwa mama mkwe. Nikamwambia fundi aongeze urefu na anoe. Akanoa mpaka ikawa kama meno ya paka. Siku ya mbio kulikuwa na mtu wa kukagua viatu, lakini mvua ilikuwa inamwingia shingoni, akawapungia mkono wasichana wote wapite.

Kwa kuchagua kiatu, Mama, mimi sikukosea. Hata leo nitasema hivyo. Kiatu kilikuwa chenyewe.

Tulikwenda pamoja, mimi na Mama Bosibori, chini ya mwavuli mmoja. Mbio zilianzia uwanjani, zikateremka katikati ya mashamba ya chai mpaka mtoni, zikavuka kwenye kijia chembamba, zikapanda upande wa pili na kurudi. Sisi wa juu tunaona wakiondoka na tunaona wakitokeza. Bondeni hatuoni. Waliondoka kundi moja, Bosibori mbele kwa miguu yake mitupu, Kerubo nyuma yake papo hapo, karibu kama walivyozoea kukimbia siku zote. Wakamezwa na chai.

Walipotokeza ng'ambo, nikaona bluu. Kerubo alikuwa wa tatu! Mama, nilipiga kigelegele ambacho nadhani hata nyinyi huko kiliwafikia. Niliwaambia watu nisiowajua kwamba yule ni wangu, nimemzaa mimi, viatu nimevichagua mimi. Mama Bosibori alisogea ukingoni mwa mwavuli. Alikuwa anatazama pale wanapotokeza. Wakatoka wengine, na wengine. Akaniuliza, "Wangu yuko wapi?" Nikamjibu atakuja, huku bado napiga vigelegele. Akatoka chini ya mwavuli akaanza kutembea, kisha akaanza kukimbia kuteremka, ameshika leso yake mkononi. Mwavuli ukabaki kwangu. Sikumfuata. Nilikuwa namngoja wangu afike.

Kerubo alifika analia kwa sauti. Nikadhani ni furaha, nikamkumbatia nikamwinua juu, na yule mtu wa timu akaja akaandika jina lake tukiwa bado tumeshikana. Nilimwambia anyamaze, ameshaingia. Hakunyamaza. Ndipo nikaona wanaume wanapanda kutoka bondeni wamebeba gunia la majani chai wamelishika pembe zote, na juu ya gunia ni Bosibori, mguu umefungwa kwa leso ya mamake, na leso haina rangi yake tena.

Ilitokea pale kijia kinapobana. Bosibori alipunguza mwendo atafute pa kukanyaga, kundi likasukuma kutoka nyuma, na Kerubo akashuka kwa mguu mzima juu ya kisigino chake. Ule mshipa mkubwa wa nyuma, unaoshika shavu la mguu, ukakatika. Hospitalini wakaushona. Kisha tope lililoingia na chuma likaleta usaha, wakafungua tena, wakakata cha kukata. Daktari aliwaambia atatembea. Mama Bosibori akamngoja aendelee kusema, na daktari akafunga faili.

Wanaume waliyamaliza upesi. Baba Kerubo alikuja kutoka Nyacheki na wazee wake, wakaenda kwa akina Bosibori, wakaomba radhi, wakaombewa, ikasemwa kwamba ni mchezo na mchezo una ajali. Chai ikanywewa. Mama Bosibori aliimimina mwenyewe, kikombe kwa kikombe, na changu pia akakimimina, lakini hakuketi nasi hata kidogo.

Kerubo alikwenda hospitalini kumwona mwenzake, mimi nimesimama mlangoni. Bosibori alimuuliza, "Uliingia wa ngapi?"

"Wa tatu."

Bosibori akafikiri. "Mimi ningeingia wa kwanza," akasema. Hakusema kwa hasira, Mama. Alisema kama mtu anayesema nje kuna mvua. Halafu akageukia ukuta.

Tangu hapo Kerubo hajakimbia hata kuvuka barabara. Vile viatu alivirudisha sokoni akavipanga mezani pamoja na vingine, kama bidhaa. Niliviondoa haraka kabla Mama Bosibori hajafika na ndizi zake. Mwalimu Makori amekuja kwetu si mara moja. Amewaambia watu wa kambi kwamba msichana anaumwa, lakini anasema uongo una mwisho wake, na wako wengine wanaoitaka nafasi hiyo. Nikambembeleza Kerubo. Nikamwambia kambi ikimpotea haitarudi, na mguu wa Bosibori hautapona kwa yeye kukaa nyumbani. Nikamwambia ile ni ajali, hakujua.

Alikuwa anafua. Hakuinua macho. "Nilijua, Mama. Nilisikia misumari ikiingia. Sikusimama."

Nikamwambia hata angesimama angefanya nini, yeye si daktari.

"Ningesimama," akasema, akaendelea kufua.

Mama, mimi ndiye niliyemwambia asubuhi ile, wakati namfunga kamba za viatu, kwamba hata mtu akianguka mbele yake amruke, asigeuke. Nilimwambia nikiwa na raha tele. Mzazi gani hamwambii mtoto wake hivyo?

Nikafikiri, hapa hakuna wa kumfungua huyu mtoto ila mtu mmoja. Siku ya soko nikawahi mapema, Mama Bosibori alikuwa anashusha mikungu. Nikamsalimu kwa lugha yake, "Bwakire." Akajibu, "Salama." Nikadhani amechoka. Nikaendelea kwa Kikisii, kile alichonifundisha, nikitafuta maneno mazuri yote niliyo nayo. Nikamwambia Kerubo hanisikilizi mimi, hamsikilizi babake, lakini akiitwa na yeye akaambiwa nenda, atakwenda. Nikamwambia sijasahau mguu wa Bosibori, sitausahau, ila huyu naye ni mtoto wetu, amekula ndizi zake tangu hajaota meno.

Alimaliza kwanza kupanga mkungu. Halafu akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri kabisa, ambacho sikujua anacho:

"Mama, mtoto wako hana kesi na mimi. Mpeleke kwenu akapumzike."

Kwenu. Nikarudi mezani kwangu, hatua ni chache, meza zinagusana, nikakaa. Mteja akaniuliza saizi ya kiatu mara mbili ndipo nikasikia. Na bado tunakaa bega kwa bega, Mama, maana nafasi sokoni haiachwi, ukiondoka leo kesho ina mwenyewe. Ananisalimu kila asubuhi, "Habari yako." Namjibu, "Nzuri." Mvua ikija, kila mmoja anavuta turubai lake. Wateja wanadhani mimi nimefika juzi.

Ndiyo sababu Kerubo yuko kwako. Sikumfukuza, naye asidhani hivyo; nimemwambia bibi anahitaji mkono wakati huu wa kupanda. Mwalimu amesema atawasihi watu wa kambi wangoje mpaka mvua zipungue, zaidi ya hapo hawezi.

Nisalimie kaka yangu Mwakio, ambaye najua ndiye atakayempokea Kerubo kituoni Voi. Mwambie nashukuru, na aache kumwambia mtoto mzaha wa Wakisii. Nisalimie Mghoi mdogo wangu na kwaya yake. Nisalimie pia shemeji wa kinu cha mahindi na yule mama jirani aliyekuwa ananipa miwa, kama bado yuko hai. Baba Kerubo anakusalimu sana, amekutumia majani chai ya shamba lake, yako kwenye mfuko mweusi.

Sasa nakuomba, wewe uliyenilea. Barua hii usimpe aisome. Akiamka alfajiri akatoka nje, usimwite na usimfuate. Huenda amekwenda kuteka maji, huenda amekwenda kukimbia, milima iko hapo, anajua njia. Akirudi ana jasho usimuulize, wala usimpigie makofi. Na akikaa tu jikoni siku nzima bila neno, mwache akae. Mimi hapa namjua mtoto wangu kwa kumsifu tu, na hilo sasa analikimbia kuliko alivyowahi kukimbia kitu chochote. Labda wewe utamjua kwa njia nyingine. Nitumie ujumbe kwa simu ya Mwakio, neno moja tu, kwamba amekula.

Mwanao anayekukumbuka,
Wakio
Mama Kerubo